Miguu ya Dada

Jumanne, 6 Februari 2024

Siku ya soko, na dukani kwangu kila mmoja anataka daiklofenaki: wabeba mizigo wa kutoka Kasindi, ng'ambo ya mpaka, akina mama walioinama juu ya magunia tangu alfajiri. Kwa mgongo na magoti, sawa. Lakini mmoja ameniambia nyayo zake zinawaka usiku, hata shuka ikizigusa anaruka. Huko daiklofenaki haifiki. Inatuliza uvimbe, na maumivu ya neva iliyoharibika si ya uvimbe. Akiendelea kuimeza kila siku, ataumiza tumbo na figo bure. Nimemsihi aende hospitali ya Bwera akapimwe sukari. Maelezo yake ni yale yale ya dada.

Alhamisi, 8 Februari

Dada alianza dawa za virusi vya UKIMWI mwaka 2005, akiwa amebaki mifupa. Kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, ndani yake stavudini, lamivudini na nevirapini. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amerudi mlimani kuchuma kahawa. Baadaye vidole vya miguu vikafa ganzi, kisha moto ukapanda hadi vifundoni. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziachane na stavudini hatua kwa hatua, kwa sababu ya madhara ya namna hii. Dada naye akabadilishiwa. Moto ulipungua, haukuisha.

Sijawahi kumsikia akiilaani. Leo nimelalamika mimi kwa niaba yake, akanikatiza: "Mdogo wangu, bila ile dawa ningekuwa na miguu ya kuniuma?"

Ijumaa, 16 Februari

Daktari amependekeza amitriptilini, nusu ya kidonge cha miligramu 25, usiku, iongezwe taratibu. Ni dawa ya zamani ya sonona ambayo kwa dozi ndogo hutuliza neva, na bei yake tunaimudu. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2015 ulikadiria kwamba katika kila wagonjwa wanne hivi wanaopewa dawa za kundi hili, mmoja hupata nafuu ya nusu au zaidi ambayo asingeipata kwa kidonge kisicho na dawa.

Ningefurahi kama ningeishia hapo. Hesabu hiyo imechanganya maumivu ya sukari, ya mkanda wa jeshi na mengine. Kwa neva zilizoharibiwa na virusi au na dawa za virusi, majaribio ya Marekani yaliyochapishwa 1998 na ya Afrika Kusini ya 2015 hayakuona amitriptilini ikikishinda kidonge kitupu. Nimekaa na jambo hili jioni nzima. Daktari hajakosea, kwani hata dawa nyingine hazina ushahidi wa kutosha kwa miguu ya aina hii, na hii walau huleta usingizi.

Ninachoogopa zaidi ni choo. Kiko nje, chini ya mteremko. Dawa hii hulewesha na kumtia mtu kizunguzungu anapoinuka, na nyayo za dada haziisikii ardhi. Akivunjika nyonga, nafuu gani itakayolipa?

Jumapili, 18 Februari

Kwa ajili ya miguu ya dada, shemeji ameleta karbamazepini, dawa ya kifafa, kutoka ng'ambo, kwenye mfuko wa nailoni, bila boksi. Ameileta kwa upendo. Nimeichukua na kumweleza: karbamazepini hulifanya ini liivunje dolutegravi upesi, na dolutegravi, dawa yake ya virusi ya sasa, ndiyo inayomweka dada hai. Daktari akiwa hajui, na dozi haijarekebishwa, virusi vinaweza kuamka. Moto wa miguu ni afadhali mara mia.

Ijumaa, 1 Machi

Dada amesikiliza yote, hata yale ya Afrika Kusini, kisha akauliza kama atalala. Nikamjibu kwamba huenda. "Basi nitajaribu."

Tumekubaliana na daktari: amempima moyo na shinikizo, tutaangalia tena katikati ya Aprili, na kama hakuna faida ataipunguza kidogo kidogo, hataikata ghafla. Ndoo italala chumbani. Ataketi kwanza kitandani kabla ya kusimama.

Jumanne, 19 Machi

Analala hadi jogoo. Miguu, anasema, inawaka vile vile. Mdomo mkavu, choo kigumu. Nampa papai na maji mengi. Asubuhi mbili amechelewa sokoni kwa kichwa kizito.

Mimi nilitaka moto upungue, na kwa kipimo hicho dawa haijafanya kitu. Yeye anapima kwa usiku: amepumzika, hagombi na wajukuu, anahesabu chenji zake bila kukosea. Miguu ni yake, usiku ni wake. Nimemwachia neno la mwisho hadi Aprili, ingawa kila nikisikia kitanda chake kikilia nasimama mlangoni.

Ya kumuuliza daktari: je, aimeze mapema zaidi jioni, kichwa kiwe chepesi asubuhi?