Meli ya angani ambayo haikufika, na picha ya wazee wawili Ifakara

Likizo iliyopita tulikwenda Ifakara kwa mama yangu, mimi na kijana wangu wa darasa la sita. Kutoka Mikumi unapita Kidatu kwenye mashamba ya miwa, kisha bonde la Kilombero linafunguka: mpunga kila upande, na milima ya Udzungwa mkono wa kulia.

Kijana anapenda vyombo vya angani. Kwenye basi alinionyesha kwenye simu picha ya zamani ya kitu kirefu kama samaki, kikielea. "Mama, hii ilikuwa inakuja kwetu."

Sikumwamini, nikasoma. Ilikuwa L59, meli ya angani ya jeshi la majini la Ujerumani, aina ya Zeppelin: kiunzi cha chuma chepesi kilichovikwa turubai, ndani kuna mifuko ya gesi ya haidrojeni. Tarehe 21 Novemba 1917 iliondoka Jamboli, Bulgaria, ikiwa na watu 22 na shehena ya tani 15 hivi: bunduki, risasi zaidi ya 300,000 na dawa, kwa ajili ya jeshi la von Lettow-Vorbeck lililokuwa limebanwa kusini mwa nchi yetu.

Haikutarajiwa kurudi, maana huku hakukuwa na gesi ya kuijaza tena. Turubai lake lingeshonwa mahema na nguo, ngozi ya njia ya ndani ingetengenezwa viatu. Ilipofika karibu na Khartoum, Sudan, ikapokea amri ya redio kwamba igeuze. Ilitua Jamboli tarehe 25, baada ya saa 95 angani bila kutua. Aprili 1918 iliwaka moto juu ya bahari karibu na Italia, na wote waliokuwemo wakafa.

Leo kuna watu Ulaya wanaokusanya picha, kadi za posta na vipande vya meli za namna hiyo. Nordholz, Ujerumani, ilikokuwa kambi yao kubwa, pana jumba zima la makumbusho. Uingereza, L33 ilipoanguka Essex Septemba 1916, watu waliokota vipande vya chuma wakaviweka nyumbani. Mtoto wa kike aliyezaliwa jirani usiku huo akaitwa Zeppelina. Kijana alicheka sana. Nikamwambia hata kwetu wapo kina Vita, Shida na Njaa.

Akauliza, "Sisi tuna nini cha vita hiyo?"

Tuna picha moja. Imo kwenye sanduku la bati la marehemu bibi, aliyemzaa mama. Wazee wawili wameketi mbele ya nyumba ya udongo, mmoja ameshika fimbo. Mmoja wao ni baba yake bibi, aliyechukuliwa akiwa kijana kubeba mizigo ya jeshi. Meli ya angani haikufika, lakini vita vilifika. Oktoba 1917, wiki chache kabla L59 haijaruka, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Mahenge, ng'ambo ya Kilombero. Mizigo ya majeshi yote ilikaa vichwani mwa watu wetu. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi, hawakupigwa picha wala kuandikwa jina.

Huyu wetu alirudi. Lakini ni yupi kati ya wale wawili? Bibi alijua. Amefariki mwaka juzi, na hakuna aliyemuuliza, mimi mwenyewe nikiwamo. Mama mkubwa anasema ni wa kushoto, mjomba anaapa ni wa kulia. Nyuma ya picha hakuna hata herufi, ila alama ya maji ya mafuriko.

Mama akakumbuka kwamba upande wa Lupiro yupo bibi mmoja mzee sana ambaye wazazi wake walikuwa majirani zetu. Kesho yake tukavuka. Zamani ungesubiri kivuko, sasa lipo daraja la mita 384. Kijana alipiga hesabu: L59 ilikuwa na mita 226, ingefunika zaidi ya nusu ya daraja. Tulisimama tukaangalia maji yakielekea Rufiji.

"Shikamoo bibi." "Marahaba, wajukuu zangu." Aliishika picha karibu na macho, akaigeuzia mwangani, akanyamaza. Kisha akaweka kidole. "Huyu wa fimbo ni baba yangu. Wenu ni huyu. Bega hili lilishuka, halikunyooka tena tangu alipotoka kwenye mizigo."

Ni kweli, bega la kushoto limeshuka. Tumeitazama picha ile miaka yote bila kuliona. Mjomba alikuwa sahihi.

Bibi akataja jina, akataja na la baba yake. Kijana akayaandika nyuma ya picha, na mwaka, na jina la aliyetuambia.

Mzazi mwenzangu, kama kwenu kuna sanduku la namna hiyo, usingoje msiba. Likizo hii mpeleke mtoto kwa mzee aliyebaki. Piga picha ya picha kwa simu, rekodi sauti ya mzee akieleza. Andika nyuma kwa penseli laini, usikandamize, maana wino wa kalamu huvuja na kupenya mbele. Usizibandike kwa gundi. Ziweke kwenye bahasha ya karatasi, juu ya kabati, mbali na unyevu.

Tulipoaga, yule bibi aliomba nakala. Hakuwa na picha nyingine ya baba yake. Tumeisafisha Ifakara mjini, na mjomba atampelekea.