Safari ya Kupanda Lushoto, na Motokaa Iliyozimika Njiani

Wengi wenu mwaijua njia ipandayo kutoka Mombo kwenda Lushoto. Na asiyeijua na asikie habari zake. Mombo iko chini, katika nchi tambarare yenye joto, penye reli iliyofika kutoka Tanga mwaka 1905, na penye barabara kuu iendayo Arusha. Lushoto iko juu katika milima ya Usambara, kadiri ya meta 1,400 juu ya bahari. Kati ya miji hii miwili ni kilometa 33 tu, walakini njia yapanda karibu meta elfu moja, nayo imejikunja kama nyoka, upande huu mwamba, upande huu bonde refu. Mtu huondoka Mombo akijifuta jasho, akafika Lushoto akitafuta sweta.

Njia hiyo tuliipanda siku moja ya mwezi wa Juni, nasi tulikuwa watu wanne: mwalimu mmoja mstaafu, mwenye motokaa, sisi tuandikao habari hizi, bibi mmoja wa Mlalo, na mjukuu wake, mtoto wa miaka kumi. Bibi alikuwa ametoka kupasuliwa jicho huko Tanga. Jicho lilifungwa kitambaa cheupe, na waganga walikuwa wamemwonya sana juu ya vumbi na moshi.

Motokaa yenyewe ilikuwa Land Rover ya zamani, itumiayo petroli. Katika motokaa za namna hiyo betri hutoa umeme wa volti 12, nao ni mdogo, hauwezi kuruka katika plagi. Koili huuongeza hata ukawa volti elfu nyingi, kisha kikombe kimoja, ambacho mafundi hukiita distribyuta, huugawia kila plagi kwa zamu yake. Ndani ya kikombe hicho zimo platini, vipande viwili vidogo vya chuma vinavyoachana na kugusana daima injini izungukapo. Na pamoja nazo yumo mtumishi mdogo aitwaye kondensa, mfano wa kidole cha mtoto. Kazi yake ni kuupokea umeme platini zinapoachana, zisiungue, na koili ipate kutoa moto wa nguvu.

Yatupasa tukiri kosa letu kwanza. Siku chache kabla ya safari hiyo motokaa ilizimika karibu na Korogwe wakati wa jua kali, ilipopoa ikawaka. Mpita njia mmoja akasema, “Hiyo ni koili.” Sisi hatukupima wala hatukuuliza zaidi. Tukanunua koili mpya, tukaifunga kwa mikono yetu, tukafurahi kama watu waliomaliza kujenga nyumba. Furaha hiyo ilidumu siku sita.

Basi, siku ile ya safari tulikuwa tumekwisha kuuacha mji wa Mombo, hatujafika Soni bado, motokaa ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Ilikuwa yapata saa kumi na moja na nusu jioni, na ukungu ulianza kushuka. Tulisimama karibu na kona, mahali ambapo dereva wa lori ateremkaye hawezi kutuona ila amekwisha kutufikia. Mtoto akaweka mawe nyuma ya magurudumu, nasi tukakata matawi tukayatandaza barabarani, mbele na nyuma, kama ilivyo desturi. Bibi tukamshusha, tukamketisha juu ya mkeka kando ya mwamba, mbali na motokaa.

Mwalimu akampigia simu fundi wa Lushoto. Akajibiwa kwamba fundi yuko chini ya motokaa ya mtu mwingine, hawezi kufika kabla ya saa mbili kupita. Tukatazamana. Kungoja ni kukaa gizani penye kona, na bibi mgonjwa yuko katika baridi. Kufungua wenyewe ni kuhatarisha motokaa, pengine iharibike kabisa hata fundi ashindwe kuiponya njiani.

Mwalimu akasema, “Mwenzangu, koili tuliibadili, na kumbe haikuwa na kosa. Leo tutabadili nini, tena kwa ushuhuda wa nani?”

Tukakosa neno. Bibi aliposikia akasema toka pale mkekani, “Wanangu, tazameni kwanza. Wala msifungue msichoweza kukifunga.”

Maneno hayo yalitutuliza, tukaanza kwa utaratibu. Kwanza tulinusa kama kuna petroli inayovuja, kwa maana penye petroli hapapimwi moto. Haikuwako. Kisha tulichomoa waya mnene wa katikati ya distribyuta, tukaushika kwa koleo yenye mipini ya mpira, ncha yake tukaisogeza karibu na chuma cha injini, na Mwalimu akazungusha ufunguo. Moto uliruka, lakini ulikuwa dhaifu, wa rangi ya manjano, ilhali moto mzima ni wa buluu nao hulia. Ndipo tukafungua kifuniko cha distribyuta, ufunguo ukiwa umewashwa, tukazitenganisha platini kwa ncha ya bisibisi yenye mpini mkavu. Cheche kubwa nyeupe ikatoka pale pale kati ya platini, na nyuso zake zilikuwa nyeusi, zimeungua. Basi tulijua yakini: mtumishi mdogo amekufa, na umeme aliopaswa kuupokea unazila platini.

Wahenga husema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Mwalimu alikuwa na kisanduku cha bati chini ya kiti, na ndani yake mlikuwa na kondensa mpya aliyoinunua zamani akaisahau. Tukashauriana tena. Ubovu tumeuona kwa macho, hatuukisii. Kitu chenyewe kimeshikwa kwa skrubu moja na waya mmoja. Tukishindwa, twaweza kukirudisha kile cha zamani, na hali yetu haitakuwa mbaya kuliko sasa. Tukakubaliana kufanya.

Ufunguo tukauzima, waya wa betri tukauondoa. Lakini hapo ndipo tulipotetemeka. Skrubu ile ni ndogo kama punje ya mtama, nayo ikiangukia ndani ya distribyuta, safari imekwisha. Mwalimu akatandika leso yake chini ya mkono. Skrubu ikamponyoka! Ikagonga leso, ikaruka majanini. Tulimulika kwa simu, tukapapasa, hatukuiona. Mtoto akalala kifudifudi, shavu lake likigusa ardhi, akasema, “Babu, naiona ikimeta.” Akaiokota. Hatujapata kushukuru kwa kitu kidogo namna ile.

Tuliposafisha platini kwa msasa laini na kufunga kila kitu, Mwalimu akazungusha ufunguo, injini ikawaka. Haikulia sawasawa, ilikuwa ikiyumba kidogo. Hapo likaja jaribu la pili, kubwa kuliko la kwanza. Mwalimu alishika spana akasema, “Kwa kuwa tumekwisha fungua, na tuizungushe distribyuta yenyewe kidogo, itatengenea.”

Tukamwambia, “La, Mwalimu. Kondensa tuliiona mbovu, hili twalikisia. Tena distribyuta ikiisha kulegezwa, hatuna alama ya kuirudisha ilipokuwa, wala taa ya kupimia.” Alisimama kitambo, spana mkononi, ukungu ukimpita usoni. Kisha akairudisha sandukuni. Mtaka yote hukosa yote.

Tukapanda polepole. Soni tuliyasikia maporomoko ya maji gizani, hatukuyaona. Tukanywa chai ya tangawizi, bibi akapata joto. Lushoto tukafika salama, tukalala. Asubuhi fundi akatazama kazi yetu. Akabadili platini zilizoungua, akapima nafasi yake kwa kibati chembamba, kama milimita 0.4, akapima na majira ya moto kwa taa yake. Akatuambia, “Mlifanya vema kutoigusa distribyuta. Moto ukija kabla ya wakati wake injini hugonga, ukichelewa injini hupata joto mno. Na mlima huu hausamehe.” Tukamwonyesha koili ya zamani. Akaipima, akacheka: ilikuwa nzima.

Basi, wasomaji, tuliyojifunza ni haya. Kitu cha motokaa kikifa, swali la kwanza si kwamba mkono wako waweza kukibadili au hauwezi. Ile koili ya Korogwe mikono yetu iliweza, na fedha yetu ikapotea. Jiulize kwanza: Je, nimeuona ubovu, au nimeambiwa tu? Je, nikikosea naweza kukirudisha kitu kama kilivyokuwa? Je, mahali niliposimama pana salama ya kufanya kazi? Ukikosa jibu jema kwa moja, mngoje fundi, hata kama kungoja kuna baridi.

Tena mjue kwamba motokaa za siku hizi si kama ile ya Mwalimu. Nyingi hazina platini wala kondensa ya namna ile. Kila plagi ina koili yake, na umeme wake waweza kumwumiza mtu. Nyingine ufunguo wake una alama ya siri, hata ukibadili swichi injini hukataa kuwaka mpaka fundi mwenye mashine aitambulishe. Hapo ujuzi wa kisanduku cha bati hautoshi.

Bibi alifika kwake Mlalo siku ile kabla ya adhuhuri, na kitambaa cha jicho kilikuwa cheupe vile vile. Alipokuwa akishuka akauliza, “Na kile kisanduku, mmekirudisha mahali pake?” Tukamjibu kwamba kimerudi chini ya kiti, na sasa ndani yake mna koili ya zamani, kondensa mpya, na skrubu mbili za akiba.