Tuwaambie nini watoto wetu kuhusu Vita vya Kagera?

Wiki chache kabla ya mwezi mtukufu wa Ramadhani, ustadhi wa madrasa yetu hapa Mwisenge alituletea jambo ambalo halikuwa katika ajenda ya kikao cha kamati ya msikiti. Mtoto mmoja wa darasa la nne, aitwaye Iddi, alikuwa amemwomba ambadilishie jina katika daftari la mahudhurio. Alipoulizwa sababu, alisema kwamba shuleni walisoma habari za Vita vya Kagera, na tangu siku hiyo wenzake wakawa wanamwita nduli. Kisha akauliza swali lililomshinda ustadhi: "Idi Amin si alikuwa Muislamu? Sasa sisi tulikuwa upande gani?"

Kikaoni tulitazamana. Wengi wetu katika kamati tumezaliwa baada ya vita ile. Tulisoma tarehe zake ili tufaulu mitihani, na hatukuwahi kuulizwa tulikuwa upande gani. Tukakiri kwamba hatukuwa na jibu la kumpa mtoto, na kwamba kama sisi tuliopita vyuoni hatulijui, wazazi nyumbani wamebaki peke yao na swali hilo.

Katika mkoa wetu wa Mara vita ile si habari ya mbali. Hapa hapa Mwisenge ndipo Mwalimu Julius Nyerere alipoanza shule mwaka 1934. Butiama, alikozaliwa Mwalimu, ndiko alikozaliwa pia Jenerali David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20 kuelekea Kampala. Vijana wengi wa mkoa huu walivaa sare, wengine wakitoka katika mgambo. Kwa hiyo barazani vita husimuliwa kwa fahari. Lakini katika baadhi ya nyumba za Waislamu kuna masimulizi mengine, yanayosemwa kwa sauti ya chini, kwamba Amin alipigwa kwa sababu ya dini yake. Watoto wetu husikia masimulizi yote mawili, na hakuna anayekaa nao kuyapima.

Tuanze na lisilo na shaka. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yalivuka mpaka na kuiteka sehemu ya Kagera iliyo kaskazini ya mto. Amin akatangaza kwamba ardhi hiyo ni mali ya Uganda, na daraja la Kyaka likavunjwa. Raia waliuawa, mifugo ikaswagwa, kiwanda cha sukari kikaporwa, na maelfu ya watu wakakimbia makazi yao. Miongoni mwao walikuwamo Waislamu. Risasi haikumuuliza mtu kama ameswali. Nchi iliyovamiwa namna hiyo ina haki ya kujitetea, na Mwalimu alipolitangazia taifa Novemba mwaka ule kwamba sababu tunazo, uwezo tunao na nia tunayo, alisema jambo ambalo sheria ya Kiislamu hailipingi.

Uadilifu unatudai pia tuseme yasiyopendwa kusemwa. Ugomvi haukuanza mwaka 1978. Amin alipompindua Milton Obote Januari 1971, Tanzania ilimpokea Obote, na Septemba 1972 wafuasi wake waliishambulia Uganda wakitokea ardhi yetu. Mwezi uliofuata makubaliano ya amani yakafikiwa Mogadishu, lakini uhasama haukuzikwa. Kulitaja hili si kumtetea aliyevamia. Ni kumfundisha mtoto kwamba vita huwa na mizizi, na kwamba kila upande hupenda kuhesabu siku kuanzia pale ulipodhulumiwa wenyewe.

Na je, kuhusu Uislamu wa Amin? Ni kweli aliiingiza Uganda katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu mwaka 1974, na ni kweli kwamba Libya ya Muammar Gaddafi ilimpelekea askari na silaha. Lakini mwaka 1972 alipowafukuza Waasia, waliotupwa nje ni pamoja na maelfu ya Waislamu walioacha nyumba, maduka na misikiti yao. Januari 1973 Shaban Nkutu, Muislamu aliyekuwa waziri katika serikali ya Obote, alikamatwa na kuuawa. Jina la Shaban halikumkinga na mtawala aliyeitwa Idi.

Qur'an katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, inatuamuru kusimama na uadilifu hata kama utakwenda kinyume na nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu. Naye Mtume (saw) alitufundisha kwamba kumsaidia ndugu aliye dhalimu ni kumzuia mkono wake. Jibu la kwanza kwa Iddi limo humo: Muislamu yuko upande wa aliyedhulumiwa, na hapimi dhulma kwa kutazama jina la mwenye kuifanya.

Lakini hapa ndipo wengi wetu huishia, na hapa ndipo tunapokosea. Suratul-Hujurat, aya ya 9, inazungumzia makundi mawili ya waumini yanapopigana. Inaamuru kuyapatanisha, kisha kulipiga vita lile linalofanya uonevu mpaka lirejee katika amri ya Allah, na likisharejea, kupatanisha tena kwa uadilifu. Sehemu ya kumpiga mwonevu tunaikariri vizuri. Sehemu ya mwisho, inayohusu siku ya baada ya ushindi, hatuifundishi.

Majeshi yetu yalipokwisha kuwaondoa wavamizi, lilizuka swali ambalo halijafungwa hadi leo: Je, ilistahili kuishia mpakani, au kusonga hadi Kampala? Waliotaka kusonga walisema kwamba nyoka aliyejeruhiwa huachwi mlangoni, na kwamba Waganda wenyewe walikuwa wakiangamia. Waliopinga walisema kwamba Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikubaliana kuheshimu mipaka, na kwamba nchi moja ikizoea kuiondoa serikali ya nyingine hakutakuwa na mwisho. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na katika mkutano wa umoja huo mjini Monrovia, Julai mwaka ule, viongozi wa Sudan na Nigeria waliilaumu Tanzania hadharani. Hoja zote mbili zina uzito, na hatuoni aibu kuwaambia watoto kwamba watu wema walihitilafiana.

Lisilo na hitilafu ni yale yaliyowapata wasio na hatia. Mji wa Masaka uliharibiwa vibaya. Juni 1979, huko Ankole magharibi mwa Uganda, Waislamu waliuawa na raia wenzao, wakiwamo wanawake na watoto, kwa kosa la kuwa na dini moja na mtawala aliyekwisha kukimbia. Amin mwenyewe aliishi uhamishoni na kufariki Jeddah mwaka 2003. Deni lake walilipishwa wanakijiji ambao hawakuwahi kumwona. Na Uganda haikupata utulivu: serikali zilipinduana, na vita vya msituni vikaendelea hadi 1986.

Katika jamaa zetu yupo mzee mmoja aliyekwenda vitani akiwa kijana. Miaka yote tumekuwa tukimwita tu pale ilipohitajika dua au mchango. Safari hii tulimwendea nyumbani kumwomba azungumze na watoto. Alikataa kwanza. Kisha akatueleza kwamba katika mji mmoja walioupita aliwakuta wazee na wanawake wamejifungia msikitini. Aliwapa salamu ya Kiislamu kutokea mlangoni, wasimjibu. Akarudia, kimya. Ndipo akaanza kusoma Suratul-Fatiha kwa sauti, na alipofika mwisho akasikia ndani wakiitikia "Amin", na mama mmoja akilia.

"Tuliambiwa tunakwenda kumpiga nduli," alisema mzee, "tulipofika tukakuta watu."

Tulimuuliza kwa nini hakuwahi kusimulia habari hiyo. Akajibu kwamba tangu arudi, kila aliyemuuliza alitaka kusikia namna walivyoshinda. Jibu hilo lilitukata maini. Kwa miaka zaidi ya 40 mtu huyu ameswali safu moja nasi, na hatukumpa nafasi ya kutua mzigo wake.

Nao mama zetu walikuwa na sehemu yao. Baada ya vita taifa liliambiwa lifunge mikanda kwa miezi 18, lakini dhiki ilikawia kuliko miezi hiyo. Wanatueleza jinsi walivyopanga foleni ya sukari na sabuni, na jinsi msiba ulipotokea watu walivyohangaika kutafuta sanda. Habari hizi nazo ni historia ya vita, ingawa hazina bendera wala gwaride.

Basi tufundishe nini? Tuwafundishe watoto kwamba kuizuia dhulma ni wajibu, na kwamba askari wetu waliolala Kaboya, wilayani Muleba, walikufa wakiilinda nchi yao na wanastahili heshima. Tuwafundishe kwamba dini si ngao ya dhalimu, wala si hatia ya asiye na kosa. Tuwafundishe kwamba aliyeshinda hajamaliza kazi, kwani amebakiwa na amri ya kupatanisha kwa uadilifu. Na sisi watu wazima tujifunze kuuliza na kusikiliza kabla wenye kumbukumbu hawajaondoka.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala ya Alasiri, mzee alikuja madrasa. Hakuvaa nishani. Aliketi mkekani na kuwasimulia watoto habari ya mlango wa ule msikiti, na Iddi alikuwa mbele kabisa. Wajumbe wawili wa kamati, pamoja na baba yake, walikwenda shuleni kuzungumza na mwalimu, ambaye aliwapokea vizuri na kuahidi kulikemea jambo hilo darasani. Hatuwezi kusema kwamba utani umekwisha. Watoto ni watoto. Ila Iddi aliporudi kwa ustadhi hakuomba tena jina jipya. Aliomba aonyeshwe ile aya ya Suratul-Hujurat ilipo, naye akaisoma yote mpaka mwisho.

Tunamwomba Allah (sw) awarehemu waliouawa kwa dhulma pande zote mbili za mpaka, na atujaalie kizazi kisichopenda vita wala kuogopa haki. Amin.