Kaka anataka kwenda BRELA

Wadau, nimeadimika kidogo humu, tusameheane. Jumamosi nilitoroka chuo nikaenda Kibaha kwa kaka, pale Maili Moja anapotengenezea redio na TV. Nikamkuta amenuna balaa.

Kisa ni hiki. Umeme wa kupanda na kushuka uliunguza friji ya mama kule nyumbani Kisarawe, ile ya barafu na juisi iliyoninunulia sare na madaftari. Kaka akanunua kompresa nyingine, halafu akaunda kinga: transista, dayodi ya zena na rilei. Volti zikishuka mno zena inaacha kupitisha mkondo, transista inazimika, rilei inakata umeme. Umeme ukitulia, kapasita inauchelewesha dakika chache ili kompresa ipumzike. Majirani wakaanza kuagiza. Sasa fundi mmoja wa hukohuko Kisarawe amefungua kiboksi, amekopi, anauza bei chee. Kaulizwa, kajibu: "Hii si kila fundi anaijua?"

Basi kaka anataka hataza ili amshtaki, na bumu langu lichangie! Mimi kama mwalimu nisome sheria. Haya, nimesoma. Sheria yetu ya Hataza ya 1987 inataka uvumbuzi uwe mpya, utumike viwandani, na usiwe dhahiri kwa mwenye ujuzi wa kazi hiyo. Hapo kwenye "dhahiri" ndipo penye kazi. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya KSR na Teleflex, kuhusu pedali ya gari inayosogezwa iliyofungwa kihisi cha elektroniki. Hataza ikaanguka: ukiunganisha vitu vinavyojulikana vikafanya kazi inayotarajiwa, huenda fundi wa kawaida naye angefika hapo. Naye ana akili, si roboti. Hukumu ile haitufungi sisi, lakini swali ni lilelile.

Nikamweleza. Akaniangalia. "Mdogo wangu, kama ni dhahiri, mbona friji ya mama iliungua? Huyo fundi alikuwa wapi?"

Jamani, nilikosa neno. Na majaji walewale walionya kwamba ukishaliona jibu, kila kitu huonekana rahisi. Ila Kariakoo vikinga friji vimejaa madukani, tena vyenye kuchelewesha umeme hivyohivyo. Nikamwambia bumu sitoi.

Akanisindikiza hadi stendi kimya kimya. Nauli akalipa yeye.

UE wiki ijayo, niombeeni.