Aliyeona Aseme

Katika matoleo yaliyopita ya gazeti letu tumesoma habari za michezo, za safari, na za mashindano ya midahalo. Leo naomba nafasi niandike habari ya ugonjwa, tena ugonjwa ambao watu wengi huutaja kwa sauti ya chini. Ugonjwa huo ni kifafa. Siandiki kwa sababu najua udaktari. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu tu. Naandika kwa sababu nilikuwa shahidi, na kwa muda wa miezi saba nilikaa kimya na ushahidi wangu.

Kwetu ni Kayenze, kando ya Ziwa Victoria. Mama hununua dagaa mwaloni alfajiri, mitumbwi inaporudi, akawaanika, na jioni sisi watoto humsaidia kuanua. Jioni moja, nilipokuwa kidato cha kwanza, mawingu yalitanda ghafula juu ya ziwa. Mama alikimbia kutafuta magunia, nami nikabaki nikianua pamoja na mdogo wangu wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa.

Nikaona kidole gumba cha mkono wake wa kulia kinachezacheza. Nilidhani anafanya mzaha, nikamwambia, "Acha mchezo, mvua yaja." Hakujibu. Mkono wote ukaanza kutikisika, kisha pembe ya mdomo upande huo huo wa kulia. Kichwa kikageuka kulia kana kwamba ameitwa na mtu. Halafu akaanguka kifudifudi juu ya dagaa, mwili ukakakamaa, akaanza kutupa mikono na miguu, na povu likamtoka. Mama aliporudi na magunia, mtoto alikuwa amelala kimya, akikoroma.

Bibi alisema ni dege amepita juu ya paa la nyumba. Baba aliporudi kutoka visiwani alisikiliza yote, akanyamaza, kisha akasema, "Jambo hili lisitoke nje ya nyumba hii." Ndugu msomaji, usimhukumu baba yangu upesi. Mwezi ule ule watu walikuwa wamekuja kumposa dada yangu mkubwa, nasi tulikuwa tukingoja wazee wakae kuzungumza habari ya mahari. Baba alijua yasemwayo juu ya nyumba yenye kifafa: kwamba ugonjwa lazima uenee katika ukoo mzima, kwamba mate ya mgonjwa huambukiza, kwamba mtoto wa namna hiyo hafai kula sahani moja na wenzake. Hayo yote si kweli, lakini uongo ukiaminiwa na kijiji kizima huweza kuvunja posa.

Basi tulipompeleka zahanati tulisema ana homa. Mganga aliuliza, "Kuna jambo jingine?" Mama akasema hakuna. Mimi nilisimama karibu na mlango, nikatazama chini. Tuliyosema ndiyo yaliyotibiwa. Mara ya pili, mdogo wangu alipojikwaruza uso, tulisema ameanguka kwenye baiskeli. Kidonda cha uso kilipona. Ugonjwa ukabaki.

Mwezi wa saba alikuwa akisuuza sufuria ukingoni mwa ziwa, maji yakimfika magotini tu. Nilikuwa hatua ishirini hivi kutoka kwake. Niliona mkono wa kulia umeanza, nikapiga kelele, lakini kabla sijafika alikuwa amekwisha kuanguka, uso ndani ya maji. Mvuvi mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu aliruka akamtoa. Maji yale yasingemzamisha hata mtoto wa miaka mitano aliye macho. Usiku ule sikulala. Nilifikiri: kama angekufa, ningekuwa nimemwua kwa kunyamaza.

Baada ya hapo baba mwenyewe alisema twende. Tulianza hospitali ya karibu, tukapewa barua ya rufaa kwenda Bugando, ile hospitali kubwa iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima, mahali unapoweza kuona mji wa Mwanza na ziwa chini yake. Tulikwenda watu watano: baba, mama, bibi, mdogo wangu na mimi.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Alimwamkia bibi Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," bibi akafurahi. Nilidhani atachukua mashine mara moja. Badala yake aliweka kalamu juu ya karatasi, akauliza, "Nani alimwona akianza?"

Mama alisema alimkuta amekwisha kulala. Bibi alisema hivyo hivyo. Baba alikuwa visiwani. Wote wakanitazama mimi. Nikamtazama baba. Akakohoa kidogo, akasema, "Sema, mwanangu. Sema yote."

Nikasema. Daktari hakunikatiza, ila aliuliza maswali mengi kuliko mtihani wa darasani. Alikuwa akifanya nini kabla? Kilianza kiungo gani, na upande gani? Kichwa kiligeukia wapi? Macho yalikuwa wazi au yamefumba? Ilichukua muda gani? Aliuma ulimi? Alijikojolea? Alipozinduka alikutambua? Mkono ule ulikuwa dhaifu baadaye? Nilijibu niliyoyaona, na pale nisipojua nilisema sijui.

Nilipomaliza alisema, "Binti, umenionyesha mahali pa kutazama." Akatueleza kwamba ubongo huendesha mwili kwa njia ya mishipa ya fahamu, na kwamba chembe za ubongo huzungumza kwa umeme mdogo sana. Kwa kawaida kila sehemu husema kwa zamu yake, kama wanafunzi darasani. Katika kifafa sehemu moja hupiga kelele zote kwa pamoja, na pengine kelele hizo huenea darasa zima. Tena upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha upande wa kulia wa mwili. Kwa kuwa degedege la mdogo wangu lilianzia kidole gumba cha kulia kila mara, yeye alishuku kwamba chanzo kipo upande wa kushoto wa ubongo. Haya aliyafikiri kabla hajamgusa mtoto.

Kisha akampima. Alimwangaza macho kwa tochi. Alimgonga chini ya goti kwa nyundo ndogo ya mpira, mguu ukaruka, na mdogo wangu akacheka. Alimwambia aguse pua kwa kidole, kisha aguse kidole cha daktari, upesi upesi. Alimtembeza kwa kupanga kisigino mbele ya vidole, kama mtu apitaye juu ya ubao wa mtumbwi. Kila jambo lilikuwa swali kwa sehemu fulani ya ubongo, uti wa mgongo au neva.

Mwisho alipigwa picha ya kichwa, ikaonyesha kovu dogo upande wa kushoto. Daktari akamwuliza mama kama mtoto aliwahi kuugua sana zamani. Mama akakumbuka: akiwa na miaka miwili alipata malaria kali, akapoteza fahamu siku mbili. Daktari alisema huenda kovu lilianzia hapo, kwa maana malaria ikipanda ubongoni yaweza kuacha alama. Bibi aliuliza kwa sauti ndogo, "Basi si dege?" Daktari hakumcheka. Alisema, "Mayu, macho yenu yaliona sawasawa. Mtoto alishikwa kweli. Tumetofautiana katika jina la aliyemshika."

Tangu siku ile nimesoma habari za ugonjwa huu kila nilipoweza. Nimeona kwamba Wayunani waliuita ugonjwa mtakatifu, na kwamba miaka 2,400 hivi iliyopita kitabu kimoja cha shule ya Hippocrates kilisema wazi kuwa hauna utakatifu kuliko magonjwa mengine, na kwamba chanzo chake kimo ubongoni. Mwaka 1924 Hans Berger, daktari wa Ujerumani, alinasa umeme wa ubongo wa mwanadamu kwa mara ya kwanza, akatangaza kazi yake mwaka 1929. Mashine ya namna hiyo hutumika mpaka leo. Lakini hata mashine hiyo yaweza kuonyesha mistari mizuri kabisa mgonjwa anapokuwa mzima kati ya degedege moja na jingine. Ndiyo maana daktari humhitaji aliyeona.

Hapa nchini kwetu mfano mkubwa ni Mahenge, katika mkoa wa Morogoro. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alifika huko na kuanzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960. Aliwakuta wagonjwa waliotengwa na watu, wengine wana makovu ya moto kwa kuangukia mekoni. Aliwapa fenobabitoni, dawa ya bei nafuu iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, na wengi wakapata nafuu. Pia aliwasikiliza wazazi waliomweleza kwamba watoto wao husinzia kwa kichwa, kichwa kikishuka na kupanda mara kwa mara. Aliandika waliyosema. Miaka mingi baadaye ugonjwa wa kusinzia kichwa ulionekana pia Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, na maandishi yale ya Mahenge yakawa na thamani kubwa. Wazazi wale waliona, wakasema, na mtu akaandika.

Turudi nyumbani. Mdogo wangu alipewa vidonge vya kabamazepini, asubuhi na jioni, akianza na kiasi kidogo kilichopandishwa polepole. Daktari alitupa sharti moja: dawa isiachwe ghafula hata akionekana mzima. Tena akaniagiza mimi niwe na daftari. Nikalipigia mistari: tarehe, saa, kilichoanza, muda, dawa alizokunywa.

Miezi minne daftari lilikaa tupu. Sote tulifurahi, na furaha ikatuponza. Baba alisema, "Mtu aliyepona hanywi dawa," na kweli nauli ya mjini na bei ya dawa vilikuwa vimemchosha. Vidonge vilipokwisha hatukununua vingine. Siku ya sita mtoto alianguka mlangoni, na degedege lile lilipita yote ya zamani, maana lilizidi dakika saba. Tulipofika kliniki nilifungua daftari. Daktari hakugomba. Aliweka kidole juu ya tarehe ya kidonge cha mwisho, kisha juu ya tarehe ya kuanguka, akamgeuzia baba ukurasa. Baba alisoma, akasema, "Nimeelewa." Tangu siku hiyo yeye ndiye anayeuliza kila jioni, "Kijana amekunywa dawa?"

Sasa ni mwezi wa kumi na nne hajaanguka. Daktari amesema tusizungumze habari ya kupunguza dawa kabla ya miaka miwili kamili, na hapo ataamua yeye. Mdogo wangu anasoma na kucheza mpira. Ziwani haendi peke yake, jambo linalomwudhi sana. Dada aliolewa mwezi wa Desemba, na shemeji ndiye aliyempeleka kliniki mara mbili baba alipokuwa visiwani. Posa haikuvunjika.

Shirika la Afya Duniani lasema watu wapatao milioni 50 ulimwenguni wana kifafa, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila degedege wakipimwa na kutibiwa vizuri. Katika shule kubwa kama yetu si ajabu kumpata mmoja kati yetu. Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wenzangu, walimu wetu na wazazi wetu, tukimwona mtu ameanguka darasani au mstarini, tufanye hivi.

Kwanza, tusikimbie. Mate yake hayaambukizi.

Pili, tuondoe mawe, madawati na kila kitu chenye makali, tumwekee kitu laini chini ya kichwa, na tulegeze tai na vifungo vya shingoni.

Tatu, tusimbane mikono wala miguu, tena tusimtie kijiko wala kitambaa mdomoni. Mtu hamezi ulimi wake, lakini kijiko humvunja meno.

Nne, mtikisiko ukitulia tumlaze ubavu ili mate yatoke. Tusimpe maji wala chakula mpaka azinduke vizuri.

Tano, tutazame saa. Zikipita dakika 5, au akishikwa tena kabla hajazinduka, au akiwa ameangukia majini, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Sita, na hili ndilo lililonifanya niandike: tuangalie vizuri kilianza nini na upande gani, tuandike, na tumwambie daktari. Mwenye simu aweza kupiga picha za video kwa ajili ya daktari peke yake, si kwa kuchekesha watu.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Nami nimejifunza kwamba anayeficha si mgonjwa peke yake. Hata shahidi aweza kuficha. Mdogo wangu hakuweza kusema habari ya ugonjwa wake, kwa sababu kila ulipokuja yeye hakuwapo. Mimi ndiye niliyekuwapo.