Mama Relé wa Makomeno

Nilipokuwa mtoto Makomeno, mtaa wa Lubumbashi, aliyejua afya ya avenii yetu kuliko mtu yeyote hakuwa daktari. Alikuwa jirani yetu muuza unga, na sote tulimwita Mama Relé. Wakazi wenyewe walimchagua awe relé wa jamii, muuguzi wa kituo cha afya akamfundisha, akapewa daftari. Mshahara hakupewa.

Nyumba zetu zote zilikuwamo katika daftari lile: nani ana mimba, mtoto gani hajamaliza chanjo, nani anakohoa wiki ya tatu. Siku ya kupima watoto kilo alipita mlango kwa mlango.

"Mama Mapasa, karti za watoto ziko wapi?"

"Ziko ndani, mama. Ninakuja."

Alisimama pale mpaka mapacha wabebwe. Ilipofika kampeni ya polio, aliwatangulia wachanjaji, kwa sababu kuna milango ambayo isingefunguliwa bila sauti yake.

Thamani yake niliiona mwaka 2013, kipindupindu kilipoishika Lubumbashi. Bomba la REGIDESO, shirika la maji, lilikuwa likikauka, watu wakarudia visima vya kina kifupi vilivyo karibu na vyoo. Kipindupindu humkausha mtu maji na kumuua ndani ya saa chache, lakini wengi walichelewa kutoka nyumbani wakihofia bili. Mama Relé aliwaambia wazi kwamba matibabu ya ugonjwa huo ni bure. Alitugawia klorini, akatufundisha kuchanganya lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, mgonjwa aanze kunywa palepale huku akipelekwa kituoni. Usiku aliamshwa, akafunga kitenge, akaandamana na wagonjwa.

Kazi hiyo ina mizizi. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978 kuhusu afya ya msingi, nchi yetu ya Kongo iligawanywa katika zoni za afya: 306 mwaka 1985, leo 519. Mpango mzima ulitegemea kwamba jamii itajilinda kabla ya kufika hospitali. Waliobeba tegemeo hilo ni akina mama kama yule, wakiacha biashara zao mezani.

Serikali na wafadhili wanapopanga bajeti za afya, wawaandikie relé posho ya kila mwezi. Nasi majirani, wakibisha hodi, tuwafungulie.