Mshipi Hukatikia Kwenye Fundo

Mtu akikuambia kwamba ametoka Ombaci, hutarajii akusimulie habari za uvuvi. Kwetu ni nchi ya mihogo, simsimu na tumbaku, kando ya barabara itokayo Arua kwenda Koboko. Maji tuliyo nayo karibu ni ya mto Enyau, ambao wakati wa kiangazi mtoto huuvuka bila kulowesha kaptura. Samaki hutufikia katika soko la Arua wakiwa wamekaushwa kwa moshi. Hata hivyo nimechagua kuandika juu ya samaki wakubwa na vifaa vya kuwavulia, kwa sababu karo yangu ya sekondari ilitoka majini. Tena ilitegemea kitu kisichozidi urefu wa mkono wangu, yaani kile kipande cha mwisho cha mshipi, chenye mafundo, waya na ndoana.

Mama yangu ni Mualur wa Panyimur, kando ya Ziwa Albert, zaidi ya kilomita 100 kutoka kwetu. Baba alipofariki nilikuwa kidato cha 2. Kaka yake mama, ambaye ni mvuvi, alisema mbele ya wazee kwamba mtoto wa dada yake hawezi kuacha shule ilhali yeye ana mtumbwi. Tangu siku hiyo kila likizo nilipanda gari hadi Pakwach, kisha bodaboda hadi mwaloni, nikakaa na mjomba mpaka shule zifunguliwe. Ndipo nilipoanza kuona kwamba samaki mkubwa hapotei kwa sababu ana nguvu. Nguvu zake tunazijua kabla hatujaingia majini. Hupotea kwa sababu kuna mahali padogo ambapo hakuna mtu aliyepakagua.

Samaki ninayemzungumzia ni mputa. Watanzania humwita sangara, Wakenya mbuta, na wafanyabiashara wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Mahagi nchini Kongo, humwita kapiteni. Ni mwenyeji wa asili wa Ziwa Albert na wa mto Nile chini ya Maporomoko ya Murchison. Wale wa Ziwa Victoria walipelekwa huko na watu kuanzia miaka ya 1950. Mputa anaweza kukua hadi urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200. Rekodi ya dunia ya mputa aliyevuliwa kwa ufito na ndoana ni ya samaki wa kilo 104 aliyepatikana Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000. Mjomba hakuwahi kufikia hapo. Samaki wa kilo 30 alimtosha, kwa sababu ana minofu na ana bondo, ambalo sisi Uganda tunaliita nuni, na ambalo wanunuzi hulipeleka hadi China kwa bei kubwa kuliko nyama yenyewe. Samaki mmoja wa namna hiyo alikuwa sehemu kubwa ya karo ya muhula wangu.

Watu wengi wa Panyimur hutumia nyavu. Ila tangu mwaka 2017 jeshi lilipoanza kusimamia sheria za uvuvi katika maziwa ya Uganda, nyavu ndogondogo nyingi zilichomwa moto, na baadhi ya wavuvi waliitazama ndoana kwa macho mapya. Sheria inataka mputa asipungue sentimita 50, na ndoana kubwa yenye chambo kikubwa humchagua mkubwa yenyewe. Tatizo ni kwamba wavu ukichanika tundu moja, matundu mengine yanabaki. Mshipi ukikatika mahali pamoja, umekwisha wote.

Mwaka 2018, nilipokuwa kidato cha 4, jirani wa mjomba alimpoteza mputa ambaye wote waliokuwa mtumbwini waliapa kwamba hawajamwona mfano wake. Aliruka mara mbili, akatikisa kichwa, na mara ya pili mshipi ukalegea. Mzee yule aliporudi mwaloni aliketi juu ya ukingo wa mtumbwi, akasema, "Mungu hakupanga." Watu waliitikia kwa heshima, maana hakuna mwenye la kuongeza juu ya jambo kama hilo. Mjomba alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Pole sana, Mzee. Naomba niione ncha ya mshipi."

Sikujua kwamba ncha ya mshipi inasomeka. Siku ile ndipo nilipojifunza. Ikiwa imekatika kwa usafi, kama iliyopitishwa wembe, basi imekatwa na meno. Katika ziwa letu yupo samaki anayeitwa ngasa, mwenye meno marefu yanayoonekana hata akifumba mdomo, na nailoni kwake ni kama uzi wa kushonea. Ikiwa imechakaa na kuota manyoya kwa urefu wa vidole kadhaa kabla ya kukatika, basi imesuguliwa. Mputa hana meno ya kukata, lakini ndani ya mdomo ana vijino vingi vidogo kama msasa, na kifuniko cha shavu lake kina ukingo mkali na mwiba. Ikiwa mshipi umerudi mzima pamoja na ndoana, nayo ndoana imenyooka, basi ndoana ilikuwa dhaifu au aliyevuta alivuta kupita kiasi. Na ikiwa ncha imejikunja kama mkia wa nguruwe, mshipi haukukatika kabisa. Fundo limeteleza na kufunguka.

Ncha ya mzee ilikuwa imejikunja kama mkia wa nguruwe.

Mjomba hakusema neno mbele za watu. Jioni alikwenda nyumbani kwa mzee akamweleza. Ikajulikana kwamba ndoana ile ilifungwa usiku, gizani, na kijana mmoja aliyekuwa na haraka, akalikata fundo mkia wake wote ili lionekane nadhifu. Mzee alikuwa na binti wa rika langu ambaye tulikuwa tukisaidiana hesabu wakati wa likizo. Shule zilipofunguliwa, mimi nilirudi Arua, yeye alibaki mwaloni akianika muziri juani.

Tangu siku hiyo nilizitazama kwa makini kazi ambazo mjomba alizifanya kila jioni chini ya mwembe, ambazo mwanzoni nilidhani ni mazoea ya mtu asiyependa kukaa bure. Nitazieleza moja moja, kwa sababu wengi wetu tunaosoma Kiswahili tumesoma tamathali za bahari na uvuvi bila kujua fundo hufungwaje.

Huanza na ndoana. Huitazama jicho lake, kwa sababu ndoana za bei nafuu mara nyingi jicho halikuzibwa vizuri, na nailoni hupenya katika ule ufa au hujikata juu yake. Kisha huiburuza ncha juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza ni butu, ikikwama ni kali. Ndoana butu humfanya mvuvi avute kwa nguvu zaidi ili imchome samaki, na nguvu hiyo ya ziada ndiyo huvunja kitu kingine. Ndoana yenye kutu kwenye pindo haitumii tena, hata kama ncha yake bado inang'aa.

Kisha fundo. Fundo la kawaida tunalofungia mzigo wa kuni laweza kupunguza nguvu za nailoni kwa karibu nusu, maana nailoni hujikaba yenyewe. Mjomba hupitisha nailoni kwenye jicho la ndoana, akaizungusha mara 5 juu ya mshipi wenyewe, akarudisha ncha katika kitanzi kidogo kilicho karibu na jicho, kisha katika kitanzi kikubwa kilichobaki. Nailoni ikiwa nene sana hupunguza mizunguko iwe 3, kwa kuwa mizunguko mingi ya nailoni nene haikazi. Kabla ya kukaza hulilowesha fundo kwa mate. Nailoni kavu ikikazwa haraka hupata joto kwa kusuguana, na joto huiua mahali pale pale panapohitaji uhai. Mwisho huacha mkia wa urefu wa punje ya mchele. Fundo likianza kuteleza, mkia hupungua, nawe utaliona mapema.

Kipande cha mwisho hukifanya cha nailoni nene kuliko mshipi wenyewe, kwa ajili ya ule msasa wa mdomo wa mputa. Kila anapovua samaki hukipitisha katikati ya midomo yake polepole, kwa kuwa midomo huhisi mkwaruzo ambao macho hayauoni na vidole vyenye sugu haviusikii. Akihisi mkwaruzo hukata na kufunga upya. Penye ngasa wengi hutumia waya mwembamba. "Waya ukishajikunja kitanzi," aliniambia, "hata ukiunyoosha, pale pamekufa. Usiubembeleze, mpwa wangu. Utupe." Mishipi yake huiweka ndani ya gunia chini ya kitanda, kwa sababu jua huidhoofisha nailoni hata isipotumika.

Kati ya mshipi na kipande cha mwisho hufunga kijichuma chenye pete mbili zinazozunguka, ili samaki akijiviringisha mshipi usijisokote. Kiingereza nilikijua jina lake, Kiswahili sikulijua, na mjomba na mabaharia wake kutoka Bunia huongea Kiswahili mchana kutwa bila kulihitaji. Wao husema tu "ile inayozunguka". Kisipozunguka kwa kupulizwa na mdomo, hukitupa. Nacho chubwi, yaani risasi ya kuzamisha chambo, hukining'iniza kwa uzi dhaifu kuliko kila kitu kingine. Niliona ajabu mtu anayeogopa udhaifu hivyo aufunge kwa mikono yake mwenyewe. Akanieleza kwamba kitu hakina budi kukatika siku moja, hasa chubwi likinaswa kwenye mawe, na ni heri wewe uchague kitakachokatika. Kikatike cha bei ya chini, samaki abaki.

Baada ya hapo huja jaribio. Huikamatisha ndoana kwenye mpini wa jerikeni ya lita 20 iliyojaa maji, akarusha mshipi juu ya tawi la mwembe, na kuvuta mpaka jerikeni itoke ardhini. Lita 20 za maji ni kilo 20. Huiacha ining'inie, akaitikisa. Fundo lililofungwa vibaya hujitangaza hapo hapo, na hasara yake ni maji kumwagika. Wakati wa jaribio watoto wote hukaa mbali, kwa sababu ndoana inayoachia kwa ghafla huruka kama jiwe la kombeo.

Niliposoma baadaye habari za uvuvi wa bahari kuu huko Malindi na Watamu, na katika mkondo wa Pemba mbele ya Shimoni, nilikuta jambo lile lile katika mavazi mengine. Huko ndiko wageni huja kuvua sulisuli na jodari. Mwandishi Ernest Hemingway mwenyewe alivua Malindi mwaka 1934. Wana fito za gharama na magurudumu ya mshipi yenye breki, lakini kabla ya kutoka bandarini huuvuta mshipi kwa mizani ya kamani na kuiweka breki iachie kwenye robo au theluthi ya nguvu za mshipi. Nguvu zinazobaki ni akiba ya mafundo, ya mikwaruzo, na ya ule mruko wa ghafla. Mjomba hana breki. Breki yake ni viganja vyake na mtumbwi wenyewe, ambao huachwa uvutwe na samaki mpaka achoke. Anachokataza kabisa ni kuuzungusha mshipi mkononi ili kupata nguvu. Mshipi uliozungushwa mkononi hauwezi kuachiwa, na pale Panyimur wako wanaume ambao vidole vyao vinathibitisha hivyo.

Sisemi kwamba bahati haipo. Mjomba husali kabla ya kusukuma mtumbwi, nami husali naye. Ninachosema ni kwamba tukishatamka "Mungu hakupanga", mara nyingi tunaacha kuitazama ncha ya mshipi, na jambo lile lile hurudi wiki ijayo kwa mtu mwingine. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika uvuvi hata ukuta wa kujenga haubaki, kwa kuwa samaki amekwenda na ziwa halionyeshi alama ya alikopita. Kinachobaki ni ile ncha tu, nayo husema kweli kwa yule anayeomba kuiona.

Mimi nilimaliza kidato cha 6, na sasa niko chuoni nikijifunza kuwa mwalimu wa Kiswahili. Mara ya mwisho nilipokwenda Panyimur nilimkuta mzee yule, jirani wa mjomba, chini ya mwembe wake mwenyewe, akivuta jerikeni juu ya tawi na kuitikisa. Hajapoteza samaki kwa fundo tangu mwaka ule. Binti yake nilimkuta mwaloni. Ameolewa, ana mtoto mmoja, na anauza muziri. Aliniuliza kama bado nakumbuka zile hesabu zetu.